Mtani na Mhubiri Kando ya Kaburi: Uhakiki wa Usomaji Wetu wa Utani wa Msibani

Utangulizi

Katika mazishi mengi ya Kikristo nchini Tanzania marehemu mmoja huzungumzwa mara mbili. Mara ya kwanza ni katika wasifu unaosomwa na ndugu aliyeteuliwa: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule, kazi, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu, kuugua, kufariki. Mara ya pili haimo katika utaratibu wa ibada. Msemaji wake ni mtani. Husimama uani, au kando ya udongo uliochimbwa, akatangaza kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa ugoro, kwamba alikoroma hata akaamsha kuku, na kwamba amekufa makusudi ili asilipe deni la jogoo. Wasifu husikilizwa kwa heshima na kimya. Mtani hukemewa, hujibiwa, hupewa fedha kidogo apishe njia. Lakini mara nyingi ni baada ya maneno yake, wala si baada ya wasifu, ndipo wafiwa waanzapo kumzungumza marehemu jinsi alivyokuwa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna jambo hilo lilivyosomwa, kwanza na wataalamu wa elimu ya jamii, kisha na kanisa. Hoja yetu ni kwamba usomaji wa pande zote mbili umekitazama mno kicheko, ukayapita mambo mawili yanayokipa kicheko hicho nguvu: kazi ambayo mtani ameifanya kabla ya kusema, na ukweli anaousema juu ya marehemu. Kwa watu wanaojifunza kuhubiri makaburini suala hili si dogo. Linahusu kama mfiwa ataondoka kaburini akiwa amefunguliwa kinywa au amefungwa.

1. Kazi kabla ya neno

Utani ni uhusiano uliowekwa na mila kati ya makabila mawili, au koo mbili, au babu na mjukuu, au shemeji na shemeji. Ndani ya uhusiano huo kutaniana si ruhusa tu bali ni wajibu, na anayetaniwa hana haki ya kukasirika. Asili ya utani wa makabila hutafutwa kwa kawaida katika vita na safari. Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali katika karne ya 19, ni watani leo. Kadhalika misafara iliyotoka Unyamwezi kwenda pwani iliwakutanisha wapagazi na wenyeji wa njiani, na utani ukawa njia ya kumpatia mgeni maji, moto, mahali pa kulala, na hata watu wa kumzika endapo angefia ugenini.

Jambo hili la mwisho lastahili kukaziwa. Mtani ni mtu wa mazishi. Kazi zake hutofautiana mahali hata mahali, lakini sura yake kwa jumla yafahamika: huchimba kaburi, au huosha maiti, au husimamia jiko la msiba, au hushika shughuli ya utakaso inapofika siku ya kuanua matanga. Wafiwa hawawezi kuzifanya kazi hizo, kwa kuwa uchungu umewafunga mikono. Jirani aweza kuzifanya kwa wema, lakini wema haulazimishwi. Mtani analazimishwa. Yeye yu karibu kiasi cha kudaiwa, na yu mbali kiasi cha kutolemewa na kilio. Wahenga walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mtani ndiye huyo wa mbali ambaye mlango wake wa kuingilia ulikwisha kujengwa kabla ya msiba.

Basi anapofungua kinywa, waombolezaji wanamwona akiwa na udongo miguuni. Mzaha wake haudhaniwi kuwa kukosa huruma, kwa sababu huruma yake imekwisha kuonekana. Haki ya kuchekesha pale kaburini ameipata kwa jembe.

2. Walichokiona wataalamu na walichokiacha

Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala yake mashuhuri juu ya mahusiano ya utani katika jarida la Africa. Aliufafanua utani kuwa mchanganyiko wa urafiki na uadui wa kuigiza: watu wanaounganishwa na jambo moja na kutenganishwa na jingine hutukanana kwa mzaha ili wasitukanane kwa kweli. Ufafanuzi huu una nguvu kwa habari ya shemeji na mkwe. Lakini ukiupeleka msibani unapwaya, kwa kuwa pale tishio kubwa halitoki kwa shemeji. Tishio ni kifo, nacho hakina ukoo wala kabila la kupatana nalo.

R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa elimu ya ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941 na tena mwaka 1944. Tunamshukuru kwa kukusanya habari za makabila mengi na kuonyesha jinsi mtandao wa utani ulivyoenea. Hata hivyo orodha ya nani ni mtani wa nani haitoshi kumweleza mama aliyefiwa kwa nini alicheka alipoona mtu akitembea kwa mwendo wa mumewe.

T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti wake Ukaguru, alisogea karibu zaidi katika makala yake ya mwaka 1966. Aliuhusisha utani na mambo ambayo jamii huyaogopa kwa kuwa yako mipakani: kifo, kujamiiana, na undugu wa ndoa. Kwake mtani ni mtu anayeweza kuugusa uchafu wa msiba na kuuondoa kwa sababu yeye mwenyewe husimama mpakani, si wa ndani wala si wa nje. Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, Mary Douglas aliupanua mjadala akasema kwamba mzaha huonyesha kuwa mpango uliozoeleka si wa lazima. Mcheshi huufungua kwa dakika chache mlango ambao watu wote walidhani ni ukuta.

Hapo tumekaribia sana. Kasoro iliyobaki ni kwamba katika usomaji huu mtani huwa chombo cha mfumo: husafisha, hulegeza, husawazisha. Yale hasa anayoyasema hayapewi uzito, kana kwamba mzaha wowote ungefaa. Lakini mtani hasemi lolote. Humsema marehemu huyu, kikohozi chake, kofia yake, ubahili wake. Mfiwa hafunguliwi na kicheko kitupu. Afunguliwa na kicheko kilichomrudishia mtu wake.

3. Kanisa: katazo na sifa

Kanisa nalo limesoma kwa namna mbili, na zote mbili zina upungufu. Namna ya kwanza ni katazo. Mtani alionekana kuwa mabaki ya upagani, mvurugaji wa ibada, mtu wa matusi. Si kwamba katazo lilikosa sababu kabisa, kama tutakavyoona. Lakini lilimfukuza mtani bila kuuliza ni nani atakayeshika kazi yake.

Hata mmisionari aliyejitahidi kuliko wengi kuiheshimu jamii ya Kiafrika hakumpatia nafasi. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Uchagani kati ya 1902 na 1938, alifundisha kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo vitatu vya asili: ukoo, ujirani, na rika. Mafundisho hayo yamezaa matunda ambayo sharika zetu zingali zinayala. Lakini tazama: mtani wa kabila jingine hamo katika hesabu hiyo. Si wa ukoo, kwa kawaida si jirani, wala si wa rika. Vifungo vyote vitatu huwaunganisha walio ndani. Na siku ya msiba walio ndani wote wanalia. Usharika uliojengwa kwa watu wa ndani pekee una mikono mingi ya kukumbatia, lakini unakosa mtu wa kusema.

Namna ya pili, iliyokuja baadaye pamoja na hamu njema ya kuutafsiri ukristo katika utamaduni wetu, ni sifa. Tunaambiwa kwamba utani ni hazina ya Kiafrika, kwamba kicheko ni dawa, na kwamba mchungaji na ajifunze kuchekesha. Hapa kicheko kimeng'olewa katika udongo wake. Utani umekwisha kung'olewa hivyo mahali pengine bila madhara: magazeti huziita Simba na Yanga watani wa jadi, na hakuna anayedai kwamba mshabiki wa Simba amchimbie kaburi mshabiki wa Yanga. Lakini ukimng'oa mtani msibani ukaweka mshereheshaji mwenye kipaza sauti, umeweka mzaha usio na jembe. Mfiwa hutambua mara moja kwamba mtu huyu hamdai wala hadaiwi naye chochote.

Hatari hiyo ya mzaha usio na kazi si ngeni katika historia ya kanisa. Mwaka 1518 Johannes Oecolampadius alichapisha kijitabu cha kuwakemea wahubiri waliokuwa na desturi ya kuwachekesha watu kanisani wakati wa Pasaka. Hakuipinga furaha ya ufufuo. Alipinga mhubiri anayetafuta kicheko ili apendwe, hata Neno likawa mtumishi wa mzaha. Onyo lake lingali na maana kwa kila anayepanda mimbarini mbele ya jeneza.

4. Wasifu na haki ya matendo

Turudi kwenye zile kauli mbili za msibani, tuzisome kama maandiko mawili. Wasifu, kwa umbo lake, ni orodha ya matendo. Marehemu alisoma, alifanya kazi, alilea, alichangia ujenzi wa kanisa, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Kosa hutajwa kwa nadra, na hata chanzo cha kifo huvikwa vazi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini, mkoani Kagera mwaka 1983, maneno ya kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu yamesomwa katika misiba isiyohesabika, nao wasikilizaji wakainamisha vichwa. Wanaosoma hivyo hawana nia mbaya, wanamlinda marehemu. Lakini swali la kiteolojia ni hili: wanamlinda na nani? Ikiwa ni kwa Mungu, basi tumerudi kwenye haki ipatikanayo kwa matendo, na tumerudi huko penye kaburi, mahali ambapo mafundisho ya Matengenezo yangepaswa kusikika kuliko mahali pengine popote.

Mtani husoma andiko jingine. Anasema marehemu alikuwa mchoyo, na umati unacheka kwa sababu ni kweli. Anaigiza jinsi alivyogombana na mbuzi wa jirani, na mjane anayecheka analia ndani ya kicheko kile kile, kwa sababu huyo ndiye aliyelala naye miaka thelathini. Yule wa kwenye wasifu alikuwa mgeni kwake. Pasipo kujua, mtani amesema nusu ya lile ambalo Luther alilisema juu ya mkristo, kwamba ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Ameisema nusu ya pili. Na ameisema kwa upendo, kwa kuwa mtu hatajwi uchoyo wake wa ugoro kwa kicheko namna hiyo isipokuwa alipendwa pamoja nao.

Ndipo mazungumzo yanafunguka. Mtoto aliyegombana na baba yake hawezi kuongea na marehemu wa wasifu, kwa sababu baba asiye na kosa hasamehewi, wala haombwi msamaha. Aweza kuongea na marehemu wa mtani.

5. Vicheko viwili

Je, Maandiko yanatoa nafasi kwa kicheko penye kifo? Mhubiri wa Agano la Kale aliweka wakati wa kulia na wakati wa kucheka katika orodha moja (Mhubiri 3:4), lakini hakutuambia kama nyakati hizo zaweza kukutana. Mahali pengine zinakutana, na matokeo si mamoja.

Katika nyumba ya Yairo waombolezaji walimcheka Yesu aliposema kwamba binti amelala (Marko 5:39-40). Hicho ni kicheko kinachofunga. Kinalinda uhakika wa kifo dhidi ya neno la tumaini, na Yesu anawatoa nje wote. Angalia pia kwamba waliocheka ni wale wale waliokuwa wakilia kwa makelele dakika moja kabla. Kilio chao na kicheko chao vyote havikuwa na kazi. Aliyefanya kazi ni Yesu: akamshika mtoto mkono, kisha akaagiza apewe chakula. Sara naye alicheka, kwa shaka, mwilini mwake mlipokuwa mmekwisha kufa matumaini ya kuzaa (Mwanzo 18:12); lakini kicheko hicho Mungu alikihoji bila kukifukuza, hata kikawa jina la mtoto (Mwanzo 21:3-6). Hicho ni kicheko kinachofungua.

Kuna la tatu, nalo ni kubwa zaidi. Paulo, akifika mwisho wa hoja yake juu ya ufufuo, anaigeukia mauti yenyewe na kuiuliza uko wapi ushindi wake na uko wapi uchungu wake (1 Wakorintho 15:55). Hiyo ni sauti ya mtani. Anaitania mauti hadharani, tena akiwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa Bwana wake amekwisha kuingia kaburini. Luther aliifuata sauti hiyo alipotunga wimbo wake wa Pasaka wa mwaka 1524, ambamo kifo kilichomezwa kinafanywa kuwa kitu cha kudhihakiwa.

Luther mwenyewe anatufundisha kipimo. Mwaka 1542 alitoa mkusanyo wa nyimbo za mazishi, na katika dibaji yake akakataa nyimbo za maombolezo zisizo na tumaini, akitaka ziimbwe za msamaha na ufufuo. Mwaka ule ule, mwezi Septemba, binti yake Magdalena akafa akiwa na umri wa miaka 13. Barua aliyomwandikia rafiki yake Justus Jonas haina mzaha. Anakiri kwamba yeye na mkewe hawawezi kujizuia kulia, hata wakimfikiri Kristo. Lakini tarehe 10 Februari 1546, akiwa huko Eisleben, alimwandikia mkewe Katharina barua ya kumtania kwa wasiwasi wake: kwamba tangu alipoanza kuwahangaikia wao, moto umekaribia kuwaunguza na jiwe limekaribia kumponda kichwa. Siku nane baadaye alifariki. Mtu yule yule alijua kifo kipi cha kulilia na hatari ipi ya kuitania: ya binti aliililia, yake mwenyewe aliicheka, tena mbele ya mwanamke aliyeishi naye tangu 1525 na aliyekuwa na haki ya kumjibu.

6. Mipaka

Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mtani anafaa. Katazo la kanisa lilikuwa na chanzo chake. Wako watani wanaolala mbele ya jeneza wakidai fedha ambazo familia haina, na rambirambi ikageuka kodi. Wako wanaomtania mjane kwa maneno ya aibu yanayomfanya ajifunike uso. Wako ambao kwa mzaha hutangaza ugonjwa ambao marehemu aliukabidhi kwa watu wawili tu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wasema wahenga. Methali hiyo ni onyo. Lakini kila aliyewahi kuuguza jipu anajua kwamba usaha uliobaki ndani nao huua. Swali ni mkono gani unaotumbua, na kama umenawa.

Twapendekeza maswali matatu. La kwanza: huyu anayechekesha amefanya kazi gani hapa tangu jana? La pili: mzaha wake unamwangukia nani? Ukimwangukia marehemu aliyependwa, au mtani mwenyewe, au kifo, wavumilika. Ukimwangukia mjane, yatima, au siri ya mgonjwa, ni ukatili uliovaa mila, na mchungaji na aukataze bila woga. La tatu: baada ya kicheko kuna nafasi? Mtani mwema hujua kunyamaza pale mfiwa anapoanza kusema. Tena kuna vifo ambavyo watani wenye busara hawavigusi, kama cha mtoto mchanga au cha mtu aliyejiua. Pale hata mtani hukaa chini na kulia, na ukimya wake ni sehemu ya kazi.

Hitimisho

Mhubiri asijifanye mtani. Yeye ana neno jingine, na mimbari si mahali pa kugombea vicheko. Lakini asimfukuze mtani, wala asihubiri kana kwamba mtani hakusema. Mtani amesema marehemu alikuwa mwenye dhambi, na watu wamecheka kwa sababu walimpenda. Hawezi kwenda mbele ya hapo. Hana mamlaka ya kutangaza msamaha wala ufufuo. Mhubiri anayo. Hotuba yake na ianzie pale kicheko kilipoishia: huyu mchoyo wa ugoro, mkoromaji, mdaiwa wa jogoo, alibatizwa katika mauti ya Kristo, na deni lake limelipwa.

Na ili neno hilo lisikike, mchungaji na ajifunze kwa mtani jambo lile la kwanza ambalo vitabu vyote tulivyovihakiki vimelipita haraka. Afike msibani mapema, wakati jembe lingali linazunguka, na aliombe.